Maziwa Yaliyomwagwa Kituoni

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni asubuhi yenye ukungu kwenye vilima vya chai. Bibi mmoja ameinama juu ya shimo lililo nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa. Anamimina ndoo yake yote chini, hata tone habakizi. Mmemwona? Anaitwa Bibi Gwantwa, na asubuhi hiyo ndipo jina lake lilipokufa.

Kijijini hapo walikuwako vijana watatu wenye vipaji. Ambwene alikuwa na jicho: akipiga picha, hata kuku aliyelowa mvua alionekana mfalme. Lugano alikuwa na watu: wafuasi elfu sita walimfuata mtandaoni, na alichokisambaza asubuhi kilizungumzwa sokoni mchana. Naye Sekela alikuwa na neno. Mnajua ile desturi ya mtandaoni ya kuweka alama ya reli, kisha neno, ili kila anayelitafuta neno hilo akute picha zote zilizobandikwa neno hilo? Hapo Sekela hakuwa na mpinzani. Neno lake lilikuwa fupi, na likishanata halibanduki.

Ambwene alipita nyuma ya kituo, akaona, akapiga picha moja. Hakuandika lolote. Aliituma kwa Sekela pamoja na ujumbe mfupi: "Dada, mpe jina huyu."

Sekela aliitazama. Alijua kwamba maziwa yaliyoongezwa maji humwagwa kwenye shimo lile. Kama kulikuwa na sababu nyingine ya kumwaga, hakuijua, wala hakuuliza. Vidole vilimwasha. Akabandika #BibiMaji, akacheka peke yake, akaiweka kwenye ukurasa wake. Watu kumi na wawili wakaiona.

Lugano alikuwa mmoja wao. Hakuongeza hata herufi. Alibonyeza mara moja tu, ikaenda kwa wafuasi wake wote.

Kufikia jioni, neno lilikuwa la kila mtu. Aliyepewa uji mwepesi aliupiga picha akaandika #BibiMaji. Timu ikifungwa, #BibiMaji. Bwana harusi akilia, #BibiMaji. Sekela alihesabu picha mia tatu, akajisikia mtu mkubwa.

Kesho yake alimkuta Bibi Gwantwa sokoni. Muuza nyanya alikuwa anapaza sauti: "Bibi wee, leo umetia ya mto au ya bomba?" Watu wakaangua kicheko. Bibi alisimama kidogo, akaitikia, "Marahaba," ingawa hakuna aliyemwamkia. Kisha akaendelea na safari yake. Sekela naye alicheka, lakini aliacha kabla ya wengine.

Ukweli ulitoka kwa karani wa kituo. Ng'ombe wa bibi aliumwa kiwele, akachomwa sindano. Maziwa yenye dawa hayanyweki mpaka siku za dawa hiyo zipite, na utaratibu wa kituo ni kwamba mwenye ng'ombe ayalete ayamwage mbele ya karani, ijulikane hakumuuzia mtu kwa siri. Bibi aliyamwaga kwa sababu ya uaminifu wake.

Wale watatu waliona aibu, wakarudia kazi ileile. Ambwene alipiga picha cheti cha bwana mifugo kilichothibitisha sindano ile. Sekela akakibandika #TumemkoseaBibi. Lugano akakisambaza. Watu kumi na mmoja walikitazama, na mmoja akauliza, "Cheti nacho kina maji?"

Ng'ombe alipopona, bibi alizunguka na ndoo kwenye nyumba alizozipelekea maziwa miaka yote. Milango haikufunguliwa. Mama mmoja tu alifungua, akapokea kikombe, akakimwaga mbele ya miguu ya bibi. Basi bibi akasema: Jumamosi ikifika bila nyumba hata moja kununua, ng'ombe ataenda kwa mchinjaji.

Mwenyekiti wa kitongoji aliwaita vijana. "Mtabeba ndoo ya bibi mlango kwa mlango. Mtakunywa mbele ya watu, na mtasema ni ninyi mliomharibia jina."

"Hapana, mwenyekiti," alisema Bibi Gwantwa. "Wakija watatu, kila mmoja atamtazama mwenzake. Nipeni mmoja, asiye na wa kumtazama."

"Picha yangu haikusema uongo," Ambwene aliwahi. "Maziwa si yalimwagwa kweli?"

"Na bila picha yako ningebandika wapi neno?" Sekela alijibu. "Tena kwangu liliwafikia kumi na wawili tu. Kumi na wawili ni kijiji?"

"Mimi nimeandika nini?" Lugano aliruka. "Nionyesheni herufi moja! Nimepitisha tu, kama mlivyonipa."

"Bila wewe ungekuwa utani wa nyumbani, we Lugano!" Sekela alimkatiza.

"Bila wewe ingekuwa picha ya bibi na ndoo, basi!" Lugano alimrudishia.

Bibi aliweka ndoo katikati yao. Sekela aliutazama mkono wake mwenyewe. Alitaka kuunyoosha, halafu akamtazama Ambwene, naye Ambwene alikuwa anamtazama Lugano.

Mmoja alipiga picha, mmoja akabandika neno, mmoja akasambaza. Ukimwondoa yeyote kati yao, bibi angekuwa anauza maziwa mpaka leo. Je, ninyi mngemkabidhi nani ndoo ile?

Fikirini polepole, wala msigombane. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja tu, wanangu: leo ni Ijumaa.