Padri Aliyesahihisha Ubeti

Inasimuliwa na waliotutangulia katika imani, Mungu awalaze pema, kwamba katika jangwa la Misri palikuwa na nyumba ya watawa wa kike iliyoongozwa na Mama Teopista, mja mwenye sala nyingi na uvumilivu kidogo. Watu waliomwendea na dhiki za roho hakuwaamuru kufunga. Aliwapa ubeti mmoja wa shairi, akawaagiza wausome kila siku kabla hawajagusa chakula, polepole, mpaka ushuke moyoni.

Nawaletea kisa hiki kwa sababu nimechoka. Kila ninapowasomea waumini shairi la imani, kabla sijafunga mdomo mkono umeshanyanyuliwa: "Mwalimu, kwa kifupi anasema nini?" Kwa kifupi! Angetaka kusema kwa kifupi, angesema. Haya, sikilizeni yaliyompata Padri Serapioni.

Padri huyu alikuwa mhubiri hodari, na hakuna neno lililopita mbele yake bila kufafanuliwa. Katika kanisa lile mapadri walioa, naye alikuwa na mke, Eufemia, aliyefariki kwa homa. Tangu mazishi hayo Serapioni hakuweza kusali. Ibada aliendesha, mahubiri alitoa, lakini akipiga magoti peke yake hakupata hata neno moja la kumwambia Mola wake. Akaona kuendelea ni unafiki. Akaazimia kumrudishia askofu stola yake, kile kitambaa cha shingoni cha upadri, na kuacha kazi hiyo, na akiwa njiani akapita kwa Mama Teopista, si kwa tumaini bali kwa adabu tu.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampa ubeti huu:

Nabisha, hujafungua,
Mkono wanisumbua,
Lakini ninatambua
Mlango huu ni wako.

"Usome ulivyo," alimwagiza. "Kwa askofu utakwenda baadaye, hakimbii."

Juma lilipopita, padri akarudi na uso mkunjufu.

"Mama, nimeuelewa. Mlango ni rehema, mkono ni matendo yetu, na kubisha ni sala. Jumapili nimeuhubiri, watu wakalia."

"Na wewe ulilia?"

"Mimi nilikuwa nahubiri, Mama."

Mama Teopista akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Padri, nimekupakulia chakula, umekwenda kukigawa na wewe mwenyewe hujaonja. Rudi ukasome."

Serapioni akarudi kwake, akasoma. Na tazama jinsi elimu inavyoweza kumsumbua mtu! Alipokuja tena, alikuja na jambo baya zaidi.

"Mama, uniwie radhi, lakini ubeti huu una kasoro. Imani yetu inafundisha kwamba abishaye hufunguliwa. Muumini akisikia 'hujafungua' atakwazika. Kwa hiyo nimeusahihisha, na mizani haijaharibika." Akasoma kwa sauti yake nzuri ya kanisani: "Nabisha, umefungua."

Watawa husimulia kwamba Mama alinyamaza kwa muda mrefu hata wakadhani anasali. Hakuwa anasali. Alikuwa anajizuia.

"Serapioni," alisema hatimaye, wala hakumwita padri. "Kwako wewe, amefungua?"

Padri akatazama chini. Angeweza kujibu kwa fundisho, maana mafundisho yalikuwa tele kichwani mwake, na moja lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza. Mwisho akasema kweli.

"Hajafungua, Mama."

"Basi kwa nini unamwambia amefungua? Unadhani hajui? Soma ulivyopewa."

Akaanza kusoma. Mstari wa kwanza ukapita. Alipofika kwenye mkono unaosumbua, sauti ikamkatika, kwa kuwa mkono wake huo ndio uliomfumba Eufemia macho, na tangu siku ile hakuwahi kumwambia mtu yeyote jinsi ulivyokuwa mzito. Akalia hapo hapo mbele ya watawa, mhubiri mzima, akajifuta kwa kanzu. Mama hakumbembeleza, aliketi tu akamngoja. Kilio kilipopungua, Serapioni akamaliza mistari miwili iliyobaki, na safari hii hakuwa akimsomea Mama.

Kisha akauliza, "Mama, mbona hukuniambia tangu mwanzo kwamba hii ni sala?"

"Ningekuambia, ungeihubiri."

Serapioni hakwenda kwa askofu. Alirudi kwa waumini wake na stola yake, na wanaosimulia hawasemi kwamba mlango ulifunguka siku ile, wala mwaka ule. Wanasema aliendelea kubisha, kila siku kabla ya chakula, kwa maneno ya mtu mwingine, mpaka alipopata ya kwake.

Ndugu zangu, iko siku imani itaishiwa maneno, hata imani ya padri. Waja wa zamani walilijua hilo, wakatuwekea akiba katika mashairi, nasi tunayapitia mbio kama watu wanaotafuta jibu la mtihani. Yasomeni polepole, nawasihi kwa jina la Mungu. Na neno likiwakwama kooni msiliruke, kwa maana hapo ndipo mlipo kweli, na hapo ndipo Mwenyezi Mungu amekuwa akiwangoja.