Jiko la Tumpe na Hekalu la Msituni

Hii nimeletewa jana na mtu wa kwaya yetu. Nilitaka kuipita kwa sababu ya urefu wake, nikajikuta nimeisoma yote, tena nikairudia. Sasa na nyie ndugu zangu isomeni, msiniachie mzigo huu peke yangu.

Palikuwa na bwana mmoja wa Mbozi, mtaalamu wa kahawa, jina lake Ambakisye. Alipelekwa masomoni Honduras, huko Amerika ya Kati, akaenda na familia yake. Familia yenyewe ni mke wake Bupe na binti yake Sekela, wa darasa la sita. Sekela hakuzaliwa na Bupe. Mama yake mzazi, Tumpe, alifariki, na Bupe akaolewa baadaye.

Bupe hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alimpikia mtoto, alimsuka, alimuuguza. Ila Sekela alimwita "anti". Hata siku moja hakusema "mama", na jambo hilo lilimuuma Bupe sana.

Kule Mbozi, nyuma ya nyumba, kulikuwa na jiko la nje ambalo Tumpe alilikandika kwa mikono yake. Alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana kwenye udongo wa ukutani, na Sekela alizoea kupachika vidole vyake humo. Bupe alitaka jiko hilo libomolewe, lijengwe la kisasa lenye vigae na gesi.

"Nimechoka kupika kwenye jiko la mwenzangu," alimwambia mumewe.

Ambakisye, mwanaume asiyependa kelele, alikubali. Fundi alikuwa tayari kubomoa, anasubiri simu tu, na simu ilikuwa ipigwe siku ile ile waliyokwenda kuona magofu ya Wamaya, wenyeji wa kale wa nchi hizo, msituni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kubana matumizi kwelikweli! Mabasi ya kuungaunga, mayai na viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, maji ya bombani kwenye chupa za soda. Mbele yao palikuwa na hekalu la mawe lenye ngazi, refu kama kilima. Kumbe kuingia ndani yake kuna tiketi ya peke yake, na hela iliyobaki ilitosha mtu mmoja.

"Aende Sekela," Ambakisye alisema.

"Sitaki. Aende anti."

Mtoto akatandika kanga ya marehemu mama yake kwenye nyasi, akakaa katikati kabisa ili mtu mwingine asipate nafasi. Msidhani ni ukarimu, jamani. Alitaka abaki na baba yake.

Bupe alipoondoka tu, Sekela akaanza. "Baba, nakuomba usimpigie fundi. Jiko ndilo limebaki la mama."

"Mwanangu, nimeshamwahidi anti yako."

"Na mama hukumwahidi kitu?"

Ambakisye aliinamia kikapu cha chakula. Akamenya yai, akashindwa kulila.

Huko ndani Bupe alikuwa anainama kwenye njia nyembamba iliyochimbwa katikati ya hekalu, akimfuata mama aliyeongoza wageni, aliyeitwa Ofelia. Kihispania cha sokoni alikuwa nacho, kikamtosha. Mara taa ikamulika ukuta mwekundu, wenye masanamu, mzima kabisa.

"Na hili ni hekalu," Ofelia alisema. "La mfalme wa zamani. Lile la nje lilijengwa juu yake na mfalme aliyekuja baadaye."

"Mbona hawakulibomoa?"

"Mengine waliyabomoa. Hili walilipaka chokaa, wakajaza udongo vyumbani taratibu ili masanamu yasivunjike, ndipo wakajenga. Lile la nje limekuwa refu vile kwa sababu hili liko chini yake."

Akasogeza taa pembeni. Kwenye kipande cha chokaa ambacho wachimbaji hawakukibandua palikuwa na alama za vidole vya mtu aliyeipaka.

Bupe alisimama pale mpaka wageni wengine wakampita. Alijiuliza huyo alikuwa mfalme wa namna gani, aliyejenga lake bila kuliogopa la mwenzake. Yeye alikuwa anamwogopa mwanamke aliyekwisha kufa! Aliona aibu, akalia.

Alipotoka, macho yalikuwa yamemvimba.

"Baba Sekela, mpigie fundi."

Sekela akaangua kilio, uso ndani ya kanga. Ambakisye alibonyeza namba kwa shingo upande. Simu ilipopokelewa tu, Bupe akamnyang'anya.

"Fundi, habari za jioni. Ni mimi, Bupe. Lile jiko usilibomoe. Ndiyo, umesikia vizuri, usilibomoe! Msingi mpya uupitishe nje yake, kuta zilizunguke, bati lifunike yote mawili. Na ule ukuta wenye vidole mtu asiupake rangi. Vigae? Huo ukuta hautaki vigae."

Ambakisye akaipokea simu yake. "Lakini mke wangu, si ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Sekela alifuta makamasi, akamgeukia Bupe. Hakumwita mama, nisije nikawadanganya. Alisogea tu mpaka ukingoni mwa kanga, akapiga-piga pale palipobaki wazi.

"Kaa hapa, anti. Hizo nyasi zina maji."

Bupe akakaa.

Kama unamjua mtu aliyeingia nyumba ambayo mwenzake alimtangulia, mtumie. Na kama mtu huyo ni wewe, usijifanye hujaiona.

Funzo: Nafasi yako kwenye moyo wa mtu haipatikani kwa kumfuta aliyekutangulia, mtunze huyo, na mwenye moyo atakusogezea nafasi mwenyewe.