Siku Majembe Yaliponyamaza Kwesaru

Jembe likinyamaza, anayeita husikika.

Neno hili mmelisikia asubuhi kwa mwinjilisti, alipowakuta mkigombania ratiba ya juma la vijana. Aliisoma yote, akaona haina hata nusu saa ya mtu kukaa kimya mbele za Mungu, akasema hivyo akaenda zake. Mkacheka, kisha mkaanza kuulizana jembe linahusiana vipi na maombi. Basi wekeni hayo madaftari pembeni. Methali hii ilitoka Kwesaru, huku huku milimani Upare, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakunda, mke wa Senzia. Alikuwa mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, msimamizi wa akina mama na mkunga wa kijiji, yote kwa pamoja. Baragumu la msaragambo likipulizwa kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, Nakunda alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Aliona kazi, akaifanya. Watu walisema kwamba siku Nakunda akiondoka duniani, Kwesaru itahitaji watu wanne kuziba pengo lake. Naye, kila alipoyasikia maneno hayo, aliinama kana kwamba hakusikia, lakini moyoni yalimpendeza.

Maombi yake aliyafanya njiani. Akifunga mzigo wa kuni, akipanda kilima na ndoo kichwani, midomo yake ilikuwa ikienda: Bwana umponye fulani, umbariki fulani, utupe mvua, utuondolee mvua. Akimaliza orodha alisema amina, na amina hiyo haijatoka sawasawa mdomoni mkono umekwisha kushika kitu kingine.

Senzia alikuwa mtu wa namna nyingine. Kila alfajiri, akimaliza kukamua, alikwenda kukaa juu ya jiwe kando ya mfereji uliopita nyuma ya nyumba. Alikaa muda wa chai kuchemka na kupoa, hasemi neno, hashiki kitu. Nakunda alivumilia jambo hilo miaka mingi. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Baba Elinami, unafanya nini pale kila siku?"

"Namsikiliza Mungu."

"Leo amesema nini?"

"Leo sikusikia kitu."

"Na jana?"

"Jana nayo ilikuwa hivyo hivyo."

"Basi kesho nipasulie kuni," alisema Nakunda, "maana zenyewe zinaonekana."

Kesho yake Senzia alipasua kuni, akazipanga vizuri ukutani, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe lake. Hawakulizungumza tena.

Mwaka mmoja masika yalikuja na nguvu isiyo ya kawaida. Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika, udongo ukawa kama uji. Siku ya tano, Jumamosi, ilikatika. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno, na Nakunda alikuwa amesimama tangu jogoo la kwanza. Alikuwa anatoka mlangoni na beseni la mahindi na maharage ya kupikia makande ya kanisani, ndipo Senzia akaja kutoka nyuma ya nyumba, miguu imejaa tope.

"Mama Elinami, kaa kidogo. Kuna jambo nataka kukuambia."

"Nitakaa kesho baada ya ibada."

"Ni fupi."

"Fupi zako nazijua. Watu wananisubiri."

Senzia alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akageuka kuelekea bandani kwa ng'ombe. Nakunda akashika njia ya kanisani.

Hakufika. Alikuwa amevuka kijito aliposikia kishindo kizito nyuma yake, cha chini kabisa, kama ngoma iliyopigwa tumboni mwa ardhi. Alipogeuka aliona mlima uliokuwa juu ya nyumba yake una jeraha jekundu. Aliweka beseni chini, akakimbia.

Nyumba ilikuwa imesimama. Banda halikuwapo. Mahali pake palikuwa na udongo mwekundu mrefu kupita kimo cha mtu, wenye mawe na migomba iliyong'oka. Ndama mmoja alisimama ukingoni akitetemeka. Senzia hakuonekana, wala hakuitika.

Baragumu lilipulizwa, na watu wakaja na majembe na sepetu. Walipata arobaini na zaidi. Wakaanza kuchimba pale pale banda lilipokuwa, na Nakunda alikuwa mbele yao. Alichimba kama watu wawili. Kila pigo la jembe alilitia maneno: Bwana mwokoe, Bwana mwokoe. Nyuma yake wanaume walipaza sauti kuamrishana, wanawake walianzisha wimbo wa kutiana nguvu, watoto walikuwa wakilia. Walichimba zaidi ya saa nzima. Viganja vya Nakunda vilichubuka na mpini ukawa unateleza kwa damu, naye akaufunga kwa kipande cha kanga na kuendelea.

Mzee Mbonea alifika akiwa amechelewa, kwa sababu ya miguu yake. Alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kijiji la maji ya kumwagilia. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufuata mfereji na kulaza sikio ardhini, ili ajue maji yanavujia wapi huko chini yasikoonekana. Alisimama akitegemea mkongojo, akautazama mlima kwa muda, akatazama na bonde. Kisha akasema watu waweke majembe chini.

Hakuna aliyemsikia. Akamwendea mwenye baragumu, akalichukua, akalipuliza mara moja. Watu wakasimama. Jembe moja tu ndilo lililoendelea kupanda na kushuka.

"Mama Elinami," aliita Mzee Mbonea. "Weka jembe."

"Baba, mume wangu yuko chini. Unaniambia nipumzike?"

"Sikukuambia upumzike. Nimekuambia uweke jembe."

"Nikiliweka atakufa."

"Mwanangu, unapiga kelele juu ya kichwa chake. Akiita, utamsikiaje?"

Nakunda alishusha jembe, lakini midomo yake haikutulia. Bwana mwokoe, Bwana mwokoe.

"Na hayo pia," alisema mzee, kwa sauti ya chini zaidi. "Mungu amekusikia tangu neno la kwanza. Sasa nyamaza, na wewe usikie."

Watu wote wakanyamaza. Akina mama waliwafunika watoto kwa kanga na kuwabembeleza. Kwesaru haikuwahi kusikia kimya kama kile mchana. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba, tone kwa tone.

Kwa Nakunda ulikuwa muda mgumu kuliko saa nzima ya kuchimba. Mikono iliposimama, hofu ilimfikia. Ilikuwa pale tangu mwanzo, ila jembe lilikuwa limeizuia mlangoni. Ilimwingia yote kwa mara moja, akapiga magoti kwenye tope. Alitamani achimbe tena, mahali popote, kwa lolote. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikaa namna ile, mikono mitupu, bila neno la kusema.

Mzee Mbonea alilala kifudifudi, sikio ardhini. Akainuka, akasogea chini kidogo, akalala tena.

Ndipo Nakunda akasikia kitu. Ko, ko, ko. Alidhani ni moyo wake. Aliizuia pumzi yake, na bado kikawapo, kwa mbali, kama ndege anayedonoa mti. Hakikutoka mbele yake walipokuwa wakichimba. Kilitoka nyuma, bondeni, hatua ishirini na zaidi kutoka pale. Akainua kidole.

"Kule."

"Kule hapakuwa na banda, mama," alisema kijana mmoja kwa upole.

"Kule," alisema Nakunda.

Mzee Mbonea alishuka hadi pale, akalaza sikio, akakaa. Kisha akapiga kiganja ardhini mara tatu. Kutoka chini ikarudi: ko, ko, ko.

Udongo ulikuwa umelibeba banda zima na kulitupa bondeni. Kama wangeendelea kuchimba juu mpaka jua litue, wangepata mawe tu. Walichimba mahali papya kwa uangalifu, mwishoni kwa mikono, wakazikuta nguzo za paa zimeegemea ubavu wa ng'ombe aliyekufa. Katika uwazi ule mdogo alikuwamo Senzia, mguu umevunjika, jiwe mkononi.

Walipomtoa na kumnywesha maji, alimtafuta mkewe kwa macho.

"Niliwasikia tangu mwanzo," alisema. "Majembe, nyimbo, yote. Wewe nilikusikia kuliko wote. Nilikuita mpaka koo likakauka, lakini ulikuwa ukiniombea."

Hakusema kwa kulaumu. Alieleza tu jinsi ilivyokuwa. Siku tatu baadaye, mguu ukiwa umefungwa kwa mbao, Nakunda alimuuliza ni jambo gani alilotaka kumwambia asubuhi ile. Senzia alijibu kwamba alikuwa ameona ufa mlimani juu ya banda, akataka wasaidiane kuwatoa ng'ombe.

Mguu ulipona, lakini ulipona ukiwa mfupi. Miezi ile ya kwanza Senzia hakuweza kufika kwenye jiwe lake peke yake, ikambidi Nakunda ampeleke amemshika, na kwa kuwa angehitaji kurudishwa, ikambidi angoje. Ndivyo alivyoanza. Siku ya kwanza alikwenda na ungo wa maharage ili achague huku wamekaa. Senzia aliuchukua ungo taratibu, akauweka upande wa pili. Siku ya pili Nakunda alisinzia. Siku nyingine alijikuta anahesabu wagonjwa wa kutembelea na sare za kwaya za kushonwa, na alipozinduka muda ulikuwa umekwisha.

"Sisikii kitu," alimwambia mumewe baada ya majuma matatu.

"Ni sawa," alisema Senzia. "Nipe mkono twende."

Hakuacha. Mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini hakuacha. Kwaya alimkabidhi mwenzake, na kwaya haikufa.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, baraza la wazee wa kanisa liliamua kumjengea mwinjilisti nyumba. Kama kawaida, macho yote yakamgeukia Nakunda aongoze kazi. Naye akasema, "Nipeni siku tatu, nitawajibu." Wazee wakatazamana. Katika miaka yote ile Nakunda hakuwahi kuomba hata dakika tatu.

Asubuhi ya pili, akiwa kando ya mfereji, lilimjia jina. Hapakuwa na sauti wala mwanga, lilikuwa jina tu: Nakijwa. Huyo alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa upande wa pili wa milima, mwendo wa kutwa kwa miguu. Ilikuwa miaka minne hawajaonana. Wasafiri walileta salamu zake mara kwa mara, wakisema kifua kinamsumbua, na kila mara Nakunda alituma jibu kwamba anakuja mvua zikikatika. Alijaribu kuliweka jina lile kando na kufikiria matofali ya nyumba ya mwinjilisti. Likarudi. Akajaribu tena, likarudi vile vile, kwa upole, kama mgeni asiyechoka kubisha.

"Nataka kwenda kwa dada," alimwambia Senzia.

"Nenda."

"Na ile nyumba?"

"Ile nyumba ina watu."

Alikwenda siku ile ile. Alimkuta Nakijwa kitandani, mwepesi kama kikapu kitupu. Nakijwa alimshika mkono, akasema, "Umefika, mdogo wangu. Nilikuwa nakuita tangu juzi, hapa hapa kitandani. Nikajiambia, una mambo mengi, hutasikia."

Wakakaa pamoja siku kumi na moja. Nakunda alimwogesha, akamsuka, akampikia uji. Walimzungumzia mama yao, wakacheka mambo ya utotoni ambayo hakuna mwingine duniani aliyeyakumbuka. Siku ya kumi na mbili, adhuhuri, Nakijwa alikata roho, kichwa kikiwa mapajani mwa mdogo wake.

Baada ya mazishi, ndugu wa mume wa Nakijwa walikaa wakajadili jambo lililowatatiza. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepeleka habari Kwesaru, na sasa walikuwa wamegundua kwamba hapakuwa na aliyepeleka. Shemeji mkubwa akamwendea Nakunda alipokuwa akifunga mzigo wake wa safari.

"Shemeji, tunataka kukushukuru, lakini pia tunataka kujua. Nani alikuja kukuambia?"

"Hakuna aliyekuja," alisema Nakunda.

"Basi ulijuaje?"

Nakunda alikaa kwanza. Wale watu hawakujua habari za mlima wala za Senzia, na hakuona haja ya kuwaeleza yote.

"Jembe likinyamaza," alisema, "anayeita husikika."