Mitetea wa Mzee Lugendo

Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza anafuga kuku wa nyama, katika banda aliloazimwa na Mzee Lugendo, tajiri asiyeacha kitu kimpite. Kuku walipojaa wakawa wazito, mzee akatokea na matenga.

"Banda ni langu, kwa hiyo kuku nusu kwa nusu. Na nachagua mwenyewe."

"Chagua, mzee wangu," Nyamizi akasema kwa unyonge. "Chukua majogoo wote. Mitetea tu uniachie, nakuomba."

"Mitetea wa nini?"

"Nimewapenda tu." Akajifuta jicho kwa ncha ya khanga.

Mzee, aliyezoea kuku wa kienyeji, akaona mayai, na nyuma ya mayai akaona vifaranga. Akabeba mitetea wote. Nyamizi akamsindikiza hadi njiani, bado analia.

Majogoo, wenye mapaja manene kuliko mitetea, walinunuliwa wote na wenye hoteli siku hiyohiyo.

Wiki zikapita, mzee akarudi amenywea. "Mitetea wako wanamaliza gunia baada ya gunia. Wamenenepa hata kusimama hawawezi, na yai sijaona."

"Hao ni kuku wa nyama, mzee wangu. Wanakula, kisha wanaliwa mapema."

"Sasa siku ile ulikuwa unalilia nini?"

"Nilikuwa nawalilia majogoo wangu, usije ukawachukua."

Mzee akachungulia stoo. "Hujabakiwa na chakula cha kuku?"

"Lipo gunia zima," Nyamizi akasema. "Ila hilo hatugawani nusu kwa nusu."