Nafasi Iliyo Baina ya Paa na Sakafu

Hapo zamani, katika mji wa Kingoji, alitawala Sultani aitwaye Ghasani, mtu mwenye haiba na ulimi mtamu, ambaye alipenda nyumba za kupangisha kuliko alivyopenda farasi na majeshi. Mtaa mzima ulio nyuma ya msikiti wa Ijumaa ulikuwa milki yake. Mpangaji alipokuja kutafuta nyumba, Sultani alimshika mkono mwenyewe, akamtembeza na kumsifia kuta na milango. Lakini paa lilipooza au mlango ulipong'oka, ikawa kumwona Sultani ni shida kuliko kuuona mwezi mwandamo katika mawingu.

Miongoni mwa wapangaji wake alikuwamo Mwinchande, mtunga tasbihi, fukara asiye na kitu ila uzi, shanga na maneno. Watu walimdhania punguani, kwa kuwa kila aliloambiwa alilichukua kama lilivyotamkwa. Naye hakuona haja ya kuwatoa katika dhana hiyo. Mkewe, Mize, alikuwa mja mzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Basi masika yakaingia, na makuti ya paa, yaliyokwisha kuoza, yakaanza kuvuja juu ya kitanda chao.

"Mume wangu," akasema Mize, akimtazama Mwinchande akikisukuma kitanda kwenye pembe nyingine, "mtoto huyu akizaliwa humu, atajua kuogelea kabla ya kujua kunyonya."

Mwinchande akaomba makuti kwa jirani, akapanda juu. Hajafunga hata kuti moja, askari wa Sultani akamwona, akamteremsha, akampeleka barazani.

"Ewe Mwinchande," akasema Sultani, "nani aliyekupa idhini ya kuligusa paa langu?"

"Maulana, paa lavuja, na mke wangu yu karibu kujifungua. Nimekuletea habari mara nyingi, nikaambiwa umelala."

"Na maji hayo yateremka mpaka sakafuni?"

"Yateremka, Maulana. Hayajui pengine pa kwenda."

"Kumbe waniharibia na sakafu yangu ya chokaa! Basi sikiliza. Paa ni langu, usiliguse. Sakafu ni yangu, isilowe. Ijumaa baada ya sala nitakuja kuitazama kwa macho yangu, na nikiikuta na unyevu, wewe na mkeo mtatoka saa hiyo hiyo, hata ikiwa mvua yanyesha."

Baraza likacheka. Mwinchande akainamisha kichwa, kwani alikwisha kumwona Mize akilini mwake, uchungu umemshika njiani katikati ya matope. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyepotea:

"Maulana, akili yangu ni nzito. Ikiwa paa ni lako na sakafu ni yako, mimi nimepanga nini?"

Sultani, kwa kupenda kuchekesha watu wake, akajibu: "Umepanga nafasi iliyo baina ya viwili hivyo!"

"Yote, Maulana?"

"Yote, ukuta hadi ukuta! Hana haki nayo mtu yeyote ila wewe."

"Hata mtu akiwa mkubwa?"

"Hata mimi!" akasema Sultani, na baraza likacheka tena.

Mwinchande akamgeukia Kadhi. "Sheikh, umeisikia hukumu?"

"Nimeisikia," akajibu Kadhi, mzee ambaye peke yake hakucheka.

Mwinchande akarejea nyumbani, akamsimulia mkewe yote. Mize akashika kiuno. "Ulikwenda kutaka paa, ukarudi na hewa?"

"Hewa yote, mke wangu. Ukuta hadi ukuta."

"Basi ikunje, tuifunge kamba, tuhame nayo!"

Ijumaa ikafika, na mvua nayo ikafika, mvua ya kumwagika kana kwamba mbingu zimetobolewa. Mwinchande akatega sufuria, mitungi na hata bakuli la shanga. Vyote vikajaa, vikafurika. Baada ya sala Sultani akaja, amevaa joho la nakshi na kilemba cheupe, Kadhi kulia kwake, na waumini wengi nyuma yao waliotaka kuona mtu akifukuzwa. Sultani akausukuma mlango na kuinua mguu.

"Taratibu, Maulana!" akasema Mwinchande, amesimama kizingitini. "Unyayo wako na uikanyage sakafu, ni mali yako. Lakini goti, tumbo na kilemba vitapita wapi? Huko juu ya sakafu ni kwangu."

"Unasema nini, mwendawazimu wee?"

"Nasema ulichosema, Maulana. Ikiwa waweza kuingia pasipo kuwa baina ya paa na sakafu, ingia."

Sultani akamgeukia Kadhi, akitumai msaada. Kadhi akazishika ndevu zake zilizolowa, akasema: "Maulana, hukumu ni yako, nami niliisikia. Na dini yetu yatufunza kwamba mtu haingii maskani ya mwingine mpaka abishe hodi na kusalimu. Hubisha mara tatu, asipokaribishwa, hurejea."

Waumini wakaitikia kwamba ni kweli. Basi Sultani, akiona haya kuivunja sheria mbele ya watu waliotoka kusali nyuma yake, akasimama chini ya upenu na kuita: "Hodi!"

Upenu ule nao ulikuwa umeoza, na maji yakaanza kumtiririkia shingoni.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Mize kutoka ndani.

"Ni mimi, mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba yupi? Wa paa au wa sakafu?"

Watu wakaficha nyuso zao katika mikono ya kanzu. Kilemba cha Sultani kikafunguka, kikamwangukia puani. Ikabaki hodi moja, naye akaogopa kuitumia.

"Mwinchande," akasema kwa sauti ya chini, "nikibisha tena, utanikaribisha?"

"Ningependa mno, Maulana. Ila humu hamna mahali pakavu pa kumketisha mgeni, na kumkaribisha mgeni ili avujiwe ni utovu wa adabu. Paa likipata makuti mapya, nitakukaribisha siku hiyo hiyo, uikague sakafu yako upendavyo."

Sultani akakiondoa kilemba puani. Akalifikiri neno lile, akaliona mwanzo wake na mwisho wake: haikagui sakafu mpaka atengeneze paa, na akitengeneza paa, sakafu itakauka. Akajaribu kukasirika, lakini maji yakamwingia kinywani, akapaliwa, na kupaliwa kukageuka kicheko. Akaagiza mafundi waje na ngazi na makuti mapya, wasiondoke mpaka nyumba yote imeezekwa.

Mize akajifungua salama, chini ya paa lisilovuja. Sultani akaja tena, akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi mkekani akanywa kahawa. Akaipapasa sakafu, ilikuwa kavu kama unga. Akainama kwa Mwinchande.

"Sasa niambie kweli. Ijumaa ile, sakafu yangu ilikuwa imelowa?"

"Wallahi, Maulana, Ijumaa ile sakafu yako sikuiona kabisa. Ilikuwa chini ya maji."

Sultani akacheka kicheko kikubwa hata mtoto akashtuka na kuangua kilio. Mize akatoka nyuma ya pazia, akamweka mtoto mapajani mwa Sultani.

"Aliyemwamsha ndiye wa kumbembeleza," akasema.

Ikawa wapita njia wa Kingoji walichungulia mlangoni, wakamwona Sultani wao, kilemba kimekwenda upande, akimwimbia mtoto wa mpangaji. Na hapo ndipo msimuliaji alipowaacha, kwani mtoto alikuwa ameanza kusinzia.