Jua Ndani ya Ungo

Krr, krr, krr! Sikieni wenzangu, usiku wa manane zimwi linanoa meno mlangoni mwa pango, na ndani, lilimowafungia, Siwema kamkumbatia mwanawe Kombo.

"Babu, tufungulie," Siwema akalisihi zimwi.

"Siku nitakayolitazama jua usoni," likacheka. "Na Kombo akiota jino, namla."

Bibi yake Siwema alimfundisha kwamba jua hutazamwa kwenye ungo, si kwa macho. Basi kila adhuhuri mwanga ulipenya tundu dogo la mwamba, ukachora jua juu ya ungo wenye unga. Siku ya kwanza zima, ya pili zima, ya tatu, mama yangu, limemegwa! Na Kombo kaota jino.

"Babu, amka! Jua linazimika, katazame!"

Zimwi likatoka, likafunga mlango nyuma yake. "Kumbe ndilo hili? Jeusi kama chungu!" Likakodoa macho, likakodoa, likakodoa, hadi jua likachomoza tena, chwaa! "Macho yangu!"

"Fungua, babu, ama nipige yowe watu wajue huoni!"

Mlango ukalia. "Nimefungua, binti yangu. Lakini usimwambie mtu, wataniua."

Siwema alishavuka kizingiti, Kombo mgongoni. "Tunajua mimi na huyu tu, babu. Simwambii mwingine."