Mafuta Yasiyo na Mwanya

Wapendwa, leo nimechoka, sitapiga kelele. Mzee Mwakalinga, acha kutazama saa. Mfano wenyewe ni mfupi.

Kulikuwa na mtafiti mmoja, mwanamke, aliyekuwa akitengeneza dawa ya manjano, haya haya tunayotia kwenye mchuzi. Ndani ya manjano mna kitu cha kuukinga mwili, lakini hakikubaliani na maji. Ukikinywa hivi hivi kinapita tu, kinatoka kilivyoingia. Basi akawa anakifungia ndani ya chembe za mafuta yaliyoganda, ndogo mno, hazionekani kwa macho, ili mwili ukipokee.

Chembe zinatoka safi. Baada ya siku chache, loo, unga wa njano umezama chini ya chupa! Dawa imetoka ndani ya mafuta. Maskini, akadhani mafuta yake yana uchafu. Akayasafisha. Dawa ikatoka. Akayasafisha tena, ikatoka upesi zaidi. Wakubwa wakamwambia, chupa hii ikiharibika, kazi yako ya miaka yote tunaifunga. Akakaa chini akalia kwa uchovu.

Mwenzake akaja, akatazama.

"Dada, mafuta yako ni safi mno. Ndiyo shida yenyewe."

"Unanitania?"

"Sikutanii. Yakiganda yanapangana, yanabanana, hayaachi mwanya. Dawa itakaa wapi? Inasukumwa nje. Changanya na mafuta yasiyoganda."

"Si nitayavuruga?"

"Yavuruge, dada."

Akayavuruga, roho inamuuma. Yakaganda ovyo ovyo, mianya tele. Dawa ikatulia humo.

Mnacheka? Haya, chekeni. Sisi hapa tumejisafisha kweli kweli. Kwaya sare moja, viti vina wenyewe, hata "amina" tunaitikia kwa pamoja. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na mimba yake, hana mume. Nani alimfukuza? Hakuna. Tulibanana tu kwenye mabenchi, kila mtu akatazama mbele, naye akasimama mlangoni ibada nzima. Hajarudi. Nimeuliza anakaa wapi, hakuna anayejua. Na huenda yeye ndiye dawa tuliyokuwa tukiiombea, tukakosa pa kumweka!

Mimi sina nguvu ya kuongeza neno. Kabla hatujasali, kila benchi lisogee, liache nafasi ya mtu mmoja. Sogeeni. Nawasubiri.